Mgeni wa Jazi Aanzie Wapi

Misawa, mulembe, hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa nyuma hadi wengine mkaegemea ukuta, asanteni sana kwa kufika.

Nimeombwa nijibu swali moja: mtu ambaye hajawahi kusikiliza jazi aanze na albamu zipi? Kwa kawaida anayeuliza hivyo hutupiwa orodha. Anapewa majina hamsini ya watu waliokufa kabla hajazaliwa. Anafungua albamu ya kwanza, anangoja mwimbaji aanze, dakika tano zinapita na hakuna aliyeimba, anazima. Baadaye anawaambia rafiki zake kwamba jazi ni muziki wa kwenye lifti na hoteli kubwa. Mimi ni mwalimu wa muziki, na jambo hili huniuma, kwa sababu sikio analo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia asikilize nini.

Kwa hiyo albamu nitakazotaja leo ni chache. Baadhi nitazikalia, nyingine nitazipita mbio. Na nitaanzia hapa kwetu, kwa kuwa sikio lililolelewa Kisumu, Siaya, Kakamega au Busia lina karibu kila kitu ambacho jazi inamtaka msikilizaji awe nacho.

Chukueni benga, muziki wetu wa gitaa. Mwimbaji anaimba beti zake, anawasifu watu wake, kisha ananyamaza na gitaa la solo linapanda juu. Hapo hakuna mtu ukumbini anayeuliza maneno yameenda wapi. Hapo ndipo viti hubaki vitupu. Wazee waliocheza muziki wa bendi za benga kama Victoria Jazz na Shirati Jazz enzi zao wanajua kwamba sehemu ile ya gitaa ndiyo waliyokuwa wakiingoja, na kwamba mpiga solo hodari hakuipiga Jumamosi hii kama alivyoipiga Jumamosi iliyopita. Jazi imejengwa juu ya sehemu ile. Kile ambacho benga inakitengea dakika mbili, jazi inakitengea karibu wimbo mzima.

Chukueni isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega. Kuna ngoma kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mdundo wake, na bado miguu ya wachezaji haipotei. Mpiga nyatiti naye ana nyuzi nane mikononi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga ubavu wa ala, njuga mguuni, na juu ya hayo yote anaimba. Mtu aliyekua akisikia midundo mitatu, minne ikienda pamoja asikubali kuambiwa kwamba dramu za jazi zitamshinda. Tarumbeta nazo tumezisikia tangu utotoni, hasa ninyi wa Vihiga, bendi ya Jeshi la Wokovu ikipita barabarani Jumapili asubuhi.

Mpangilio wa wimbo wa jazi, hasa wa miaka ya 1950, si mgumu kuushika. Kwanza wote wanapiga wimbo wenyewe, ile sauti kuu ambayo baadaye utajikuta ukiiimba ukiosha vyombo. Kisha mmoja mmoja anatoka mbele na kubuni papo hapo juu ya wimbo ule: tarumbeta, saksofoni, piano, mara nyingine besi au dramu. Wenzake wanaendelea kumsindikiza. Mwishoni wote wanarudi kwenye wimbo wa mwanzo. Ni baraza la wazee: hoja inatajwa, kila mzee anaizungumzia kwa namna yake, kisha wote wanairudia kabla ya kuondoka. Ukipotea katikati, endelea kuuimba ule wimbo wa kwanza kimoyomoyo. Utakuta bado upo pale chini na mpigaji anauzunguka.

Sasa albamu. Ya kwanza ninayompa mgeni ni Moanin' ya mpiga dramu Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers, iliyorekodiwa tarehe 30 Oktoba 1958. Najua wengi wangeanza na nyingine, nami nitaifikia. Naanza na hii kwa sababu wimbo uliobeba jina la albamu, uliotungwa na mpiga piano wao Bobby Timmons, unaanza kama ibada zetu. Piano inatamka sentensi peke yake. Wengine wanaitikia kwa noti mbili nzito, na mtu yeyote aliyekulia kanisani anazisikia noti hizo zikisema "Amina." Piano inatamka tena, wanaitikia tena. Huwa nauweka wimbo huu darasani bila kusema neno, na haupiti muda kabla sijasikia sauti kutoka madawati ya nyuma zikiitikia pamoja na tarumbeta.

Anayepiga tarumbeta hiyo ni Lee Morgan, na siku ile alikuwa na umri wa miaka 20. Vijana, sikilizeni mwenzenu anavyoingia bila haraka. Anaanza na kipande kifupi, anakirudia, anakipinda kidogo, halafu ananyamaza, na ule ukimya Blakey anaujaza kwa dramu. Blakey aliongoza akiwa nyuma ya wote, akiwasukuma vijana wake kwa fimbo mbili. Kundi lake lilikuwa shule kamili: Freddie Hubbard, Wayne Shorter, na miaka mingi baadaye Wynton Marsalis, wote walipitia mikononi mwake.

Mkishaizoea hiyo, njooni kwenye Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, katika studio ya Columbia iliyokuwa zamani kanisa. Haifiki dakika 46. Ukipanda matatu hapa Kisumu ukielekea Kakamega, utaimaliza kabla hujashuka. Jazi iliyotangulia, ile ya akina Charlie Parker, mpiga saksofoni, ilikuwa na mabadiliko ya haraka ya sauti za kusindikiza chini ya mpigaji, na hodari alikuwa yule aliyeweza kuyafuata yote kwa kasi bila kuteleza. Davis aliyaondoa mengi. Aliwapa wenzake ngazi chache za sauti na nafasi pana, na mpiga piano Bill Evans alieleza kwenye jalada kwamba Davis alifika studio na michoro tu ya nyimbo zile. Mnachosikia ni watu wakiutafuta wimbo na kuupata hapo hapo.

Naomba niwapitishe polepole kwenye mwanzo wa wimbo wa kwanza, "So What", maana tukifanya hivyo kwa mmoja, nyingine mtaziweza wenyewe. Unaanza na piano na besi tu, taratibu, bila mdundo wa kuchezea, mpaka mtu anadhani wimbo bado haujaanza. Kisha besi ya Paul Chambers inashika wimbo mkuu. Angalieni hapo: ile ala kubwa ya kusimama, ambayo kwa kawaida iko nyuma ya kila mtu, ndiyo inayouliza. Piano inajibu kwa noti mbili. Besi inauliza tena, na sasa tarumbeta na saksofoni zinajiunga kwenye lile jibu la noti mbili. Halafu wimbo wote unapanda juu kidogo, nusu hatua tu. Hata asiyejua nadharia yoyote ya muziki anahisi kitu kimeinuka. Kisha unashuka pale ulipokuwa.

Ikifika kama dakika moja na nusu, Davis anaingia na solo yake, na pale pale mpiga dramu Jimmy Cobb anagonga toazi moja kwa nguvu. Mlio wa toazi lile unabaki hewani huku tarumbeta ikianza kuzungumza. Davis anapiga noti chache, anaacha pengo, anapiga nyingine. Baada yake anakuja John Coltrane na saksofoni ya tenori, na mara noti zinakuwa nyingi, zinasukumana. Kisha Cannonball Adderley na saksofoni ya alto, mwenye furaha na blues nyingi mdomoni, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Watu watatu, wimbo mmoja, na hakuna hata mara moja utakapowachanganya. Ukiweza kuwatofautisha hao watatu, basi umekwisha kuwa msikilizaji wa jazi, na aliyebaki akubishie.

Kuna kijana anayepiga gitaa la besi katika kanisa moja hapa Nyalenda. Alikuja kwangu akilalamika kwamba katika kwaya yao besi haina kazi, kila mtu anamtazama mpiga kinanda. Nikampa kazi ya nyumbani: asikilize "So What" nzima akifuata besi peke yake, tarumbeta aipuuze, saksofoni azipuuze. Aliporudi hakumtaja Miles Davis kabisa. Alikaa, akafungua gitaa, akanipigia ule mwanzo, kisha akanionyesha jinsi Chambers anavyotembea chini ya kila mpigaji na kubadilisha mwendo wake kulingana na anayezungumza juu. Jumapili hii mkienda kanisani kwao mtamsikia. Ndivyo ninavyowaomba msikilize: chagueni ala moja muifuate tangu mwanzo hadi mwisho, kesho mchague nyingine.

Mwaka huo huo wa 1959 ulizaa albamu nyingine mbili ambazo mgeni anaweza kuzikaribia bila woga. Time Out ya mpiga piano Dave Brubeck ni ya wanaopenda kuhesabu. "Take Five", uliotungwa na mpiga saksofoni Paul Desmond, una mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea: moja mbili tatu, moja mbili. Wimbo mwingine, "Blue Rondo à la Turk", Brubeck aliujenga juu ya mdundo wa mapigo tisa aliousikia kwa wapiga muziki wa barabarani alipokuwa ziarani Uturuki. Ni albamu safi, rahisi kuingia. Mimi siirudii mara nyingi, lakini imewavuta watu wengi, na mpiga dramu yeyote mchanga anapaswa kuifahamu.

Mingus Ah Um ya Charles Mingus naipenda zaidi. Mingus alikuwa mpiga besi, mtu wa hasira na wa upendo mkubwa, na vyote viwili vinasikika. Wimbo wa kwanza unakupeleka moja kwa moja kwenye kanisa la watu weusi, makofi na vigelegele kila upande. "Goodbye Pork Pie Hat" ni maombolezo ya mpiga saksofoni Lester Young, aliyefariki Machi 1959, miezi michache tu kabla ya albamu kutoka. Sisi huku tunajua kuomboleza kwa muziki, na nadhani wimbo huu utawafikia bila maelezo. Halafu kuna "Fables of Faubus". Orval Faubus alikuwa gavana wa jimbo la Arkansas, na mwaka 1957 aliwatuma wanajeshi wa jimbo wawazuie wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya upili ya Little Rock. Mingus alimtungia wimbo wa kumkejeli. Katika albamu hii wimbo ule hauna maneno, kwa kuwa, inasemekana, kampuni ya rekodi iliyakataa. Mwaka uliofuata aliurekodi upya kwingine, safari hii na maneno yake yote.

Wapo hapa watu ambao bila sauti ya binadamu hawaingii kwenye muziki, na hilo halina ubaya wowote. Kwenu nina Ella and Louis ya mwaka 1956. Ella Fitzgerald sauti yake ni laini na noti zake zinakaa mahali pake hasa. Louis Armstrong sauti yake ni ya kukwaruza. Mkisikia wakipokezana beti kwenye "Cheek to Cheek" mtajua kwa nini sauti hizi mbili zinafaana. Armstrong huyo alifika Accra mwaka 1956, na mwaka 1960 alirudi akazunguka bara hili na kundi lake, Nairobi ikiwemo. Kila anapomaliza kuimba anachukua tarumbeta na kuurudia wimbo kwa ala, na hapo ndipo asiyeelewa solo ataelewa: anaendelea kuimba vile vile, amebadilisha chombo tu. Albamu hii wekeni nyumbani jioni, wazee na watoto wakiwa pamoja. Haina ugomvi na mtu.

Sasa nifike kwenye albamu iliyonifanya nikubali mwaliko wa leo, na ambayo haimo katika orodha nyingi za wanaoanza. Ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, New York. Ilirekodiwa Novemba 1960. Ukumbukeni mwaka huo. Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Hapa Kenya, Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa mwanzoni mwa mwaka, Kenyatta alikuwa bado kizuizini, na Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walikuwa wakidai aachiliwe. Weston, kule Marekani, aliamua kuipa Afrika albamu nzima. Alimwomba mshairi Langston Hughes amwandikie maneno, na alitaka lugha ya Afrika isikike katika ufunguzi. Lugha iliyochaguliwa ni hii ninayozungumza nanyi. Mtanganyika mmoja, Tuntemeke Sanga, ndiye anayesoma shairi la Hughes kwa Kiswahili.

Nataka mlifikirie jambo hili kwa uzito. Katika studio moja New York mwaka 1960 wamekusanyika zaidi ya wapigaji ishirini, baadhi yao ni wakubwa kabisa wa zama zile: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Max Roach, Ron Carter, Babatunde Olatunji kutoka Nigeria kwenye ngoma, Candido kutoka Cuba. Na maneno yanayowafungulia njia ni ya Kiswahili. Mtoto wa Kondele akiisikia albamu ile anaelewa kitu ambacho mtaalamu wa jazi wa Chicago anahitaji kutafsiriwa. Albamu ina sehemu nne, na mbili kati yake zina majina ya Kiswahili, "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964.

Aliyeipangia bendi ile noti, akaamua nani apige nini na wakati gani, ni mwanamke: Melba Liston. Alikuwa mpiga tromboni, aliyewahi kupiga katika bendi kubwa ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie wakati ambapo mwanamke katika safu ya tarumbeta na tromboni alionekana kama amepotea njia. Miaka ya 1970 alikwenda Jamaika kufundisha muziki. Nalisema hili kwa sababu ya mabinti walio hapa. Nimeona shule zetu zikigawa ala: wavulana tarumbeta na dramu, wasichana kayamba na kuimba. Wazazi na walimu, msikilizeni Melba Liston, halafu mkirudi shuleni mwacheni msichana achague anachotaka kupuliza.

Kwa mwendo huo huo kuna Herbie Hancock, mpiga piano wa Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na kundi lake walijipa majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye pia alikuwa daktari, akawa Mganga. Albamu yao ya mwaka 1971 inaitwa Mwandishi. Hiyo, lakini, muiweke akiba. Ina vyumba vingi vya giza na mgeni anaweza kukata tamaa. Anzeni na Head Hunters ya mwaka 1973. Wimbo wa kwanza, "Chameleon", una besi ya kinanda cha umeme ambayo hata wapenzi wa gengetone wataitambua kama jamaa. "Watermelon Man" unafunguliwa na Bill Summers akipuliza chupa na kupokezana na sauti yake mwenyewe, akiiga muziki wa Babenzele, watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Vijana, hii ndiyo ya kumwekea rafiki yenu anayesema jazi ni ya wazee.

Afrika Kusini ningeizungumzia mpaka usiku, lakini nitataja moja. Mannenberg ya mpiga piano Abdullah Ibrahim ilirekodiwa Cape Town mwaka 1974. Inabeba jina la mtaa ambako familia zilihamishiwa kwa nguvu baada ya serikali kubomoa mtaa wao wa District Six. Wimbo wenyewe unazidi dakika 13 na piano inarudia kitu kile kile, kile kile, huku saksofoni ya Basil Coetzee ikipanda pole pole juu yake. Piano ile ilikuwa imetiwa pini ndogo za chuma kwenye nyundo zake, ndiyo maana inalia kibati kidogo. Hakuna neno hata moja la siasa ndani yake, na bado ukawa wimbo wa mapambano, ukapigwa kwenye mikutano ya kupinga ubaguzi katika miaka ya 1980. Anayependa rumba ndefu, ile ya kucheza bila kuangalia saa, anaweza hata kuanzia hapa na akaruka yote niliyosema.

Nimebakisha A Love Supreme ya John Coltrane, yule yule aliyesukuma noti nyingi kwenye "So What". Ilirekodiwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, nayo ni dakika 33 tu. Ni sala. Nalisema hilo kama lilivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndivyo alivyoiandika kwenye jalada: kwamba mwaka 1957 aliamshwa kiroho, na albamu hii ni shukrani yake kwa Mungu. Ina sehemu nne. Katika ya kwanza besi ya Jimmy Garrison inapiga noti nne, hizo nne tu, tena na tena. Coltrane anazichukua kwa saksofoni na kuzihamisha katika funguo zote 12, juu, chini, kila pembe, na mwisho anaweka saksofoni pembeni na kuziimba kwa mdomo. Chini yake Elvin Jones anapiga dramu kwa mikono miwili na miguu miwili isiyofuatana, na ndiyo sababu niliwataja wapiga isukuti na nyatiti mapema. Mkimsikiliza Elvin kwa sikio lile, hatawasumbua.

Sehemu ya nne, "Psalm", haina mdundo wa kuhesabu. Coltrane alikuwa ameandika shairi la kumshukuru Mungu, likachapishwa ndani ya jalada, na katika sehemu hii saksofoni inalisoma shairi lile silabi kwa silabi. Unaweza kulishika mkononi ukafuata kwa kidole. Nimekaa na watu wa madhehebu mbalimbali tukilifuata hivyo, na kila mara kuna mtu anayeinua mkono juu kama alivyozoea kanisani. Kule San Francisco kuna kanisa lililobeba jina la Coltrane. Aliishi miaka 40 tu, akafariki Julai 1967. Albamu hii msiiweke mkiwa jikoni au mkijibu ujumbe kwenye simu. Itengeeni dakika 33.

Kwa upande mwingine, kuna albamu kubwa ambazo ningemsihi mgeni asianze nazo. The Shape of Jazz to Come ya mpiga saksofoni Ornette Coleman ni moja. Ascension ya Coltrane huyo huyo ni nyingine. Ni kazi za heshima, lakini waliozitunga walikuwa wakijibu mambo yaliyokuwa yamesemwa kwa miaka mingi kabla yao, na anayeingia bila kuyasikia hayo ataona fujo. Mwaka mmoja kutoka sasa, zijaribuni.

Sasa ya vitendo. Spika ya simu haitoi sauti nzito, kwa hiyo mtu anayesikiliza "So What" kwa spika ya simu anasikia swali limefutwa na majibu yamebaki. Tafuteni vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ya chini, au unganisheni simu kwenye redio ya nyumbani. Bando likiwa shida, pakueni albamu moja mahali penye intaneti ya bure na mkae nayo wiki nzima. Albamu moja ikisikilizwa mara kumi inafundisha kuliko kumi zikisikilizwa mara moja moja. Na msikilize albamu nzima kwa mpangilio wake, kwa sababu waliozitengeneza walifikiria wimbo upi utangulie na upi ufuate. Wenye watoto, msiwalazimishe kukaa kimya. Mtoto anayecheza wakati wa "Moanin'" anasikiliza.

Kijana mmoja ameniandikia karatasi hapa: "Mwalimu, nikishazimaliza hizi, niende wapi?" Someni majina ya wapigaji. Jazi ina utaratibu mmoja mzuri: jalada linakutajia kila aliyekuwemo, na kila jina lina albamu zake. Uliyempenda mfuate. Umempenda mpiga besi Paul Chambers? Mtafute kwenye Blue Train ya Coltrane, ya mwaka 1957. Umempenda Freddie Hubbard kwenye Uhuru Afrika? Yumo kwenye Maiden Voyage ya Herbie Hancock, ya mwaka 1965. Ndivyo nami nilivyotembea, jina hadi jina, na bado sijafika.

Mfano wa mwisho tuusikie pamoja. Tumempenda Cannonball Adderley kwenye Kind of Blue, na tumempenda Art Blakey kwenye Moanin'. Machi 1958 Adderley alirekodi albamu yake iitwayo Somethin' Else. Anayepiga dramu ni Blakey. Anayepiga tarumbeta, safari hii akiwa chini ya uongozi wa mwenzake, ni Miles Davis. Wimbo wa kwanza ni "Autumn Leaves", kama dakika kumi na moja. Walio upande huu wa ukumbi mfuateni Davis, wa katikati mfuateni Adderley, na wa upande ule sikilizeni Blakey peke yake, hasa anavyobadilisha mkono kila mpigaji mpya anapoingia. Fundi wa sauti, tafadhali weka.